Bonge la magadi na tone la nitrati ya fedha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu halojeni na upimaji wa ioni

Mimi ni fundi wa maabara ya shule ya sekondari. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na walimu waliotoka chuoni juzi, na hata na mama muuza magadi aliyetaka kujua kwa nini nanunua bonge moja tu wakati sina maharage mkononi. Magadi hayo yatarudi tena na tena hapa chini, kwa sababu sijaona sampuli ya bei rahisi inayofundisha mengi kuyashinda.

Halojeni ni zipi, na kwa nini zinaitwa hivyo?

Ni familia ya kundi la 17, lile ambalo vitabu vya zamani viliita kundi la VII: florini, klorini, bromini na iodini. Chini yake wako astatini na tenesini, ila hao hutawakuta katika kabati la shule yoyote. Jina limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni "mzaa chumvi". Zikikutana na metali, huzaa chumvi. Chumvi ya mezani ni mtoto wa sodiamu na klorini.

Florini ni gesi ya njano iliyopauka, klorini ni gesi ya kijani-njano, bromini ni kimiminika chekundu cha kahawia kinachochemka kwenye nyuzi 59, na iodini ni yabisi nyeusi yenye kung'aa inayotoa mvuke wa zambarau ukiipasha moto. Rangi inakolea kadiri unavyoshuka, lakini ukali unapungua.

Kwa nini ukali unapungua, wakati atomu zinazidi kuwa kubwa?

Ukubwa ndio tatizo lenyewe. Kila halojeni ina elektroni saba kwenye ganda la nje na inatafuta ya nane. Kwenye florini ganda hilo liko karibu na kiini, kwa hiyo elektroni ya mpita njia inanyakuliwa mara moja. Kwenye iodini ganda liko mbali, na katikati pamejaa elektroni nyingine zinazokinga mvuto wa kiini. Mkono ni ule ule ila haufiki.

Ndiyo maana florini iliwasumbua wanakemia kwa miaka mingi, na baadhi yao iliwaumiza vibaya, mpaka Henri Moissan alipofaulu kuitenga mwaka 1886. Klorini ilikuwa imekwisha kupatikana tangu 1774.

Mwalimu anasema klorini "humfukuza" iodini. Anamfukuzaje?

Tia maji ya klorini kwenye myeyusho wa iodidi ya potasiamu usio na rangi. Papo hapo unageuka kahawia. Klorini imezichukua elektroni za iodidi, ikawa kloridi, na iodidi iliyonyang'anywa ikawa iodini:

Cl₂ + 2KI → 2KCl + I₂

Ukitaka kuhakikisha kwamba kahawia hiyo ni ya iodini na si ya bromini, tia maji ya wanga: iodini hugeuka bluu-nyeusi. Nyumbani unaweza kudondosha ile dawa ya kidonda yenye iodini juu ya kipande cha muhogo au tonge la ugali ukaona rangi hiyo hiyo. (Tonge hilo usilile.)

Kinyume chake hakiwezekani. Iodini ukiitia kwenye kloridi ya potasiamu utakaa hapo mpaka kengele ilie.

Kwani klorini na kloridi si kitu kimoja?

Hapana, na swali hili ndilo ninalotamani kila mtu aulize. Klorini ni gesi ya sumu; ndiyo iliyofunguliwa kwenye mitungi vitani kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kloridi ni klorini iliyokwisha kupata elektroni yake, ikatulia. Ndiyo unayoilamba kwenye embe bichi la chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloridi, na watoto wanaogelea humo.

Maji ya bomba mara nyingi yana vyote viwili: klorini kidogo iliyotiwa kuua vijidudu, ambayo kwa kawaida hutakiwa ibaki kama milligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na kloridi iliyotoka kwenye miamba na udongo. Kipimo cha kimoja hakipimi kingine. Klorini huru hupimwa kwa vidonge vya kemikali iitwayo DPD, na maji yanageuka ya waridi. Kloridi hupimwa kwa nitrati ya fedha.

Nitrati ya fedha, ile wanafunzi wanayoita silva naitreti, inafanya nini hasa?

Ioni ni atomu, au kikundi cha atomu, iliyopata au kupoteza elektroni. Ioni ya fedha ikikutana na kloridi, bromidi au iodidi ndani ya maji, hushikana nayo wakawa kitu kisichoyeyuka. Maji yanavurugika, kisha chenga zinatua chini. Chenga hizo ndizo mashapo. Za kloridi ni nyeupe, za bromidi zina rangi ya malai, za iodidi ni za njano.

Utaratibu wake: weka myeyusho wa sampuli kama sentimita mbili kwenye testitubu, tia asidi ya nitriki hafifu mpaka iwe na uasidi, kisha tia matone machache ya nitrati ya fedha. Usimimine. Chupa yake ni ya kahawia kwa sababu mwanga huiharibu, na bei yake ndiyo inayomfanya fundi wa maabara asimame nyuma yako kama mlinzi wa benki. Ikikudondokea kidoleni, kesho utakuwa na doa jeusi ambalo sabuni hailiwezi. Litaondoka lenyewe ngozi ikijibadilisha.

Asidi ya nitriki ya nini? Mbona mashapo yanatokea hata bila hiyo?

Yanatokea, na hapo ndipo yanapodanganya. Turudi kwenye magadi.

Magadi ya kupikia maharage na makande, yale yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron upande wa Tanzania na Magadi upande wa Kenya, kwa sehemu kubwa ni mchanganyiko wa karbonati na bikarbonati ya sodiamu, pamoja na kloridi na floridi. Siku moja nilichukua kipande kama punje ya mahindi, nikakiponda, nikakiyeyusha kwenye maji ya kukeneka na kukichuja. Nikampa kijana mmoja wa kidato cha nne apime bila kumwambia ni nini. Akaruka hatua ya asidi, akatia nitrati ya fedha moja kwa moja. Mashapo mazito yakatokea, yamepauka na yana unjano kidogo. Kwa sauti ya ushindi akasema, "Iodidi!"

Nikamwambia atie asidi ya nitriki, tone kwa tone. Testitubu ikafoka povu kama soda iliyotikiswa. Unjano ukayeyuka wote, na kilichobaki ni wingu jeupe jepesi. Aliyemdanganya ni karbonati ya fedha, ambayo haina uhusiano wowote na halojeni. Wingu jeupe lililokataa kuondoka ndilo lililokuwa kloridi.

Kwa hiyo asidi iko pale kuwafukuza wageni wasioalikwa: karbonati, hidroksidi na jamaa zao. Na lazima iwe ya nitriki. Ukitumia ya haidrokloriki, umetia kloridi kwa mkono wako mwenyewe, na hata maji matupu yatakupa jibu la "ndiyo". Ya sulfuriki nayo inaweza kuleta mashapo ya sulfati ya fedha.

Nimepima maji matupu na yamevurugika. Dawa imeharibika?

Yaelekea dawa ni nzima, ila maji uliyotumia ni ya bomba. Yalishanikuta. Kwenye shule niliyoanzia kazi, usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo nilisuuza testitubu zote bombani, nikazipanga juu chini zikauke, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi darasa zima likapata kloridi kwenye sampuli ambayo ilikuwa nitrati ya zinki. Wanafunzi waliandika walichokiona, kwa uaminifu kabisa, na walikuwa sahihi: kloridi ilikuwemo. Ilitoka kwangu. Heri lilikuwa jaribio la ndani ya shule, si mtihani wa taifa.

Tangu siku hiyo, suuzo la mwisho ni la maji ya kukeneka, na kabla ya kupima sampuli yoyote napima maji matupu kwanza. Yakibaki maangavu bila wingu lolote, tunaendelea.

Malai na njano iliyopauka macho yangu hayazitofautishi. Nifanyeje?

Usitegemee macho, hasa chini ya taa ya umeme. Tumia amonia. Mashapo ya kloridi yanayeyuka kwenye amonia hafifu. Ya bromidi yanaikataa amonia hafifu lakini yanayeyuka kwenye amonia kali. Ya iodidi hayayeyuki kokote. Hapo rangi inakuwa shahidi wa pili tu.

Ukiwa na muda, acha mashapo ya kloridi dirishani kwenye jua. Baada ya dakika kadhaa meupe yataanza kuwa ya zambarau-kijivu, kwa sababu mwanga unaitoa fedha kwenye kifungo chake. Picha za filamu ziliishi kwa tabia hiyo hiyo.

Binamu yangu anasoma Kenya na wao wametumia nitrati ya risasi. Nani yuko sahihi?

Wote wawili. Nitrati ya risasi ni nafuu kuliko ya fedha, na ina uzuri wake. Kloridi ya risasi ni nyeupe, lakini ukiipasha moto inayeyuka, na ikipoa inarudi. Sulfati ya risasi nayo ni nyeupe ila moto hauitikisi. Kwa hiyo dawa moja inakutenganishia ioni mbili. Iodidi ya risasi ni ya njano inayowaka. Ukiiyeyusha kwenye maji ya moto kisha ukaiacha ipoe polepole, inashuka kwa vipande vidogo vinavyometa kama vumbi la dhahabu. Sijaona darasa lililobaki kimya mbele yake.

Risasi ni sumu, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kugusa chapati.

Na hii ya kutia asidi kali ya sulfuriki kwenye chumvi kavu?

Hapa halojeni zinaonyesha tabia zao waziwazi. Kloridi inatoa mafusho meupe ya haidrojeni kloridi, basi. Bromidi inatoa mafusho na mvuke wa kahawia wa bromini, kwa sababu yenyewe ni mpaji wa elektroni kuliko kloridi. Iodidi ni mpaji mkubwa zaidi: utaona mvuke wa zambarau, na unaweza kusikia harufu ya yai viza, yaani asidi yenyewe imekwisha kunyang'anywa oksijeni zake mpaka ikawa haidrojeni salfaidi. Ukitia na oksidi ya manganizi kwenye kloridi kisha ukapasha moto kidogo, inatoka klorini yenyewe, na karatasi mbichi ya litmasi ya bluu inageuka nyekundu kisha inapauka kabisa.

Fanya kwa chembe za ncha ya kijiko, dirisha wazi, na mwalimu awepo.

Mbona floridi haitajwi kwenye jedwali la mashapo?

Kwa sababu floridi ya fedha inayeyuka kwenye maji. Unatia nitrati ya fedha na huoni kitu. Testitubu ikibaki safi haimaanishi maji ni salama, na kwa sisi tunaoishi pembeni ya Bonde la Ufa hilo si jambo la kinadharia.

Miamba ya volkeno kuanzia Arusha na Meru hadi Nakuru huachia floridi kwenye visima na chemchemi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi ni milligramu 1.5 kwa lita. Kuna vyanzo huku vinavyozidi hapo mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajengeka, meno yanatoka na madoa ya kahawia. Kiwango kikiwa juu sana kwa miaka mingi, mifupa nayo inaathirika. Na magadi kwenye maharage yanaongeza floridi juu ya ile ya kisimani, jambo ambalo wapishi wengi hawaambiwi.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floridi inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Njia iliyofanyiwa kazi muda mrefu huku kwetu, kwenye kituo cha utafiti wa floridi cha Ngurdoto, Arusha, ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto lililodhibitiwa, inasagwa, na maji yanapitishwa humo. Madini ya mfupa huipokea floridi kama meno yanavyoipokea. Kuipima kunahitaji elektrodi maalumu au kipimo cha rangi. Peleka maji maabara ya maji, usikisie kwa ladha.

Nawezaje kujua kama chumvi yangu ina madini joto kweli?

Madini joto ya kwenye pakiti ndiyo iodini, na mara nyingi huwekwa kwa umbo la iodati ya potasiamu. Nitrati ya fedha haikusaidii hapa. Kilo moja ya chumvi ina zaidi ya gramu 600 za kloridi, na iodini ni milligramu makumi tu. Ni kama kutafuta sauti ya mtoto mmoja Kariakoo.

Kipimo kinachofaa kinatumia wanga, iodidi na asidi kwa pamoja. Iodati na iodidi zikikutana kwenye asidi zinazaa iodini:

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

na iodini inageuza wanga kuwa bluu. Tone moja juu ya kijiko cha chumvi linatosha. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo, iwe ya Uvinza au ya mashamba ya chumvi ya pwani, inaweza kuwa imetiwa au haijatiwa. Rangi ndiyo itakayosema. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na upungufu wake ndio ulioleta rovu nyingi nyanda za juu, mbali na bahari. Pakiti ifunikwe, isikae juani.

Na iodini yenyewe iligunduliwaje? Kwenye majivu ya mwani. Mwaka 1811 Bernard Courtois, Mfaransa aliyekuwa akitengeneza shura ya baruti, alizidisha asidi ya sulfuriki kwenye majivu hayo na mvuke wa zambarau ukapanda.

Ni kweli jiki isichanganywe na dawa ya choo?

Ni kweli kabisa. Jiki na ndugu zake zina haipokloriti. Dawa nyingi za kung'arisha choo zina asidi. Zikikutana:

ClO⁻ + Cl⁻ + 2H⁺ → Cl₂ + H₂O

Umejitengenezea gesi ya klorini kwenye chumba kisicho na dirisha. Toka nje kwanza, mengine baadaye. Amonia nayo usiichanganye na jiki, kwa maana inatoa kloramini zinazochoma mapafu.

Kwa ioni chanya je, niende kwa mpangilio gani?

Anza na macho. Myeyusho wa bluu unanong'ona shaba, wa kijani kilichopauka unanong'ona chuma(II), wa njano-kahawia chuma(III). Kisha hidroksidi ya sodiamu, tone kwa tone, halafu kwa wingi. Mashapo ya bluu ni shaba. Ya kijani chafu ni chuma(II), na juu yake hugeuka kahawia ukiyaacha hewani. Ya rangi ya kutu ni chuma(III).

Kazi iko kwenye meupe. Kalsiamu hukaa tu hata ukizidisha. Zinki, alumini na risasi zote zinayeyuka hidroksidi ikizidi. Hapo chukua sampuli mpya, utumie amonia: mashapo ya zinki yanayeyuka amonia ikizidi, ya alumini na risasi hayayeyuki. Kutenganisha hizo mbili, tia iodidi ya potasiamu: ikitoka njano ni risasi. Shaba kwenye amonia nyingi inakuwa bluu iliyokolea ambayo huwezi kuikosea.

Pasipotokea mashapo yoyote, pasha moto ule mchanganyiko wa hidroksidi na unuse kwa mbali, ukipunga kwa kiganja. Harufu ya amonia, na litmasi nyekundu ikageuka bluu, ni amoniamu. Pasipotokea hata hiyo, fikiria sodiamu au potasiamu, uende kwenye kipimo cha mwali, yaani kuichoma sampuli motoni na kuangalia rangi ya mwali.

"Sampuli mpya" hapo juu sikuiandika kwa mapambo. Wengi wanaendelea kumimina dawa ya tatu kwenye testitubu ile ile. Aliyepima sulfati kwa kloridi ya bariamu, kisha akatafuta kloridi humo humo, amejitafuta mwenyewe.

Mwali wa njano unafunika kila kitu. Nifanyeje?

Sodiamu ina kelele. Jasho la vidole linatosha. Safisha waya wa kushikia sampuli motoni kwa asidi ya haidrokloriki mpaka mwali usibadilike, ndipo uguse sampuli. Potasiamu ni zambarau hafifu, iangalie kupitia kioo cha bluu cha kobalti kinachoizuia njano. Kalsiamu ni nyekundu ya tofali, bariamu ni kijani cha tufaha, shaba ni kijani chenye bluu.

Mabaki ya testitubu nayamwaga wapi?

Ya risasi yana chombo chake, hayaendi kwenye sinki. Mashapo ya fedha nakusanya kwenye chupa moja. Fedha ni fedha. Ila ile testitubu uliyoyeyushia mashapo kwa amonia usiiache mpaka kesho. Myeyusho wa fedha na amonia ukikaa unaweza kuzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Tia asidi ya nitriki hafifu siku hiyo hiyo: meupe yatarudi, ndipo uyamimine chupani na kuosha, suuzo la mwisho kwa maji ya kukeneka.